Michezo ya Uingereza Nyuma ya Grili

Langas, Eldoret
12 Mei 2025

Kwa Mama Waceke,
Duka la Sinema, Burnt Forest

Mama, pokea salamu zangu. Hatujuani. Mimi ni Obonyo Okeyo, mwalimu wa Kiingereza kwa miaka thelathini na minne, sasa mstaafu. Ninaishi hapa Langas na mwanangu Marvin na mkewe Christabel. Anayekuletea barua hii ni Jepkemboi, ambaye hutuletea maziwa kila Jumatatu na Alhamisi. Ameniambia kwamba duka lako liko karibu na pale anapokusanyia maziwa, na kwamba unaweza kumjazia mtu flash ya sinema yoyote.

Mimi sitaki yoyote. Nataka vile vipindi vya Uingereza tulivyotazama kwenye televisheni ya staff room miaka ya sabini, walimu kumi na wawili na kiti kimoja kizuri, cha headmaster. Watu wale walikuwa wakizungumza mpaka neno linamchoma mtu, na hakuna aliyetoa bunduki. Viwe na maandishi chini, kwa sababu masikio yangu yamenitoroka. Hata simu siwezi. Mtu akipiga nasikia ngurumo tu, kama mashine ya posho mill inayosaga mahindi.

Muda ninao. Marvin huendesha lori kwenda Kampala, wiki nzima hayupo. Christabel hutoka saa moja asubuhi kwenda kazini na kurudi saa kumi na moja jioni. Akitoka anafunga grili ya mlango kwa kufuli. Jepkemboi hunipitishia maziwa katikati ya vyuma.

Flash yangu iko ndani ya bahasha.

Wako,
Mwalimu Obonyo Okeyo


Burnt Forest
15 Mei 2025

Mwalimu,

Nimefurahi, aki. Vijana wa hapa wananiomba za magari kugongana tu. Nina katoni nzima ya vipindi vya zamani. Kulikuwa na daktari wa ng'ombe, mzungu, alikaa huku miaka mingi; aliporudi kwao aliniachia diski zake zote, akaniambia, "Waceke, hizi hakuna atakayezitaka." Nimezitazama zote, nyingine mara tatu. Ukimaliza kufunga hesabu za duka huku baridini, unataka kitu cha kukuchekesha bila kukutukana.

Nakuanzishia "Mangle & Sons". Ni mzee mmoja na wanawe wawili, wana dobi katika mji ambao mvua haiishi. Vipindi kumi na vitatu. Usikatishwe tamaa na picha, ina chengachenga mwanzoni.

Lakini Mwalimu, nikuulize kitu. Kwa nini wanakufungia?

Waceke


Langas
26 Mei 2025

Mama Waceke,

Nilicheka hadi nikamwaga chai kwenye suruali! Kile kipindi ambapo nguo za askofu zinachanganyika na za bibi harusi, na mzee Mangle anaenda mwenyewe kanisani, anapiga magoti kando ya madhabahu kama anayeungama, kumbe anamvuta askofu shela kutoka chini ya joho. Na uso wake! Mzee hasemi neno dakika nne nzima. Waigizaji wa leo hawawezi kunyamaza dakika nne. Aloo, marehemu mke wangu, angekipenda. Alikuwa akicheka bila sauti, mabega tu.

Umeuliza kuhusu kufuli. Ni jambo dogo lililokuzwa. Siku moja nilitoka kutembea mpaka barabara ya Kapsabet, wakasema nimepotea. Mtu anawezaje kupotea mji aliokaa tangu 1979? Siku nyingine sufuria ikaungua. Sufuria ngapi zimeungua Kenya hii na hakuna mtu amefungwa?

Nimemwambia Christabel, "Hata mahabusu hupelekwa mbele ya hakimu." Akalia, akafunga, akaenda kazini.

Niletee kingine. Cha huzuni safari hii, nipumzishe mbavu.

Mwalimu Obonyo


Burnt Forest
5 Juni 2025

Mwalimu wangu,

Barua yako imenikasirisha, si kwako. Mimi najua kufungiwa. Mwaka 2008 nyumba yetu ilipochomwa katika vurugu za uchaguzi, nilikaa kwenye hema kambini miaka miwili na binti yangu Shiko, na langoni kulikuwa na askari. Walisema ni kwa usalama wetu. Walisema kweli. Lakini kila asubuhi nilikuwa naenda kusimama pale langoni nitazame barabara tu, na askari ananiuliza, "Mama, unaenda wapi?" Sikuwa naenda popote. Nilitaka tu kusimama mahali ambapo ningeweza kwenda.

Nakutumia "Mrs Pell's Evidence". Vipindi vinne. Mama mjane anamwona mwanawe akimsukuma mtu darajani, kisha anaitwa mahakamani kutoa ushahidi. Nimeongeza pia moja ya juzijuzi, ya polisi mwanamke anayekaa ndani ya gari tu akifikiri. Wengi wanaisifu. Wewe niambie ukweli.

Waceke


Langas
23 Juni 2025

Mama Waceke,

Yule wa gari hapana. Hakuna anayetabasamu, taa zote zimezimwa, na kila mtu ana siri ya utotoni. Nilitazama viwili nikamwachia gari lake.

Lakini Mrs Pell! Sijalala vizuri tangu nimalize. Hakimu anamwuliza, "Ulimwona nani?" Naye anavua glovu moja, anaiweka juu ya nyingine, anasema, "Nilimwona Thomas, bwana. Nilikuwa nimemfulia shati lile asubuhi." Basi. Hakuna muziki, hakuna kilio. Kisha anarudi nyumbani, anapanga sahani mbili mezani. Wanafunzi wangu ningewapa hiyo waichambue mwaka mzima.

Nilimaliza saa nane mchana, nikainuka nimweleze mtu. Hakukuwa na mtu. Nikaenda kwenye grili. Watu wote wa plot hii, wapangaji wenzetu, ni wa vibarua, wanatoka alfajiri. Nilishika vyuma nikaita, "Hodi!" nikiwa ndani ya nyumba. Umewahi kusikia mtu akipiga hodi kutoka ndani?

Mama, nina ombi. Kufuli liko upande wa nje lakini mkono wangu unalifikia. Nahitaji kipande cha msumeno wa chuma, kile kinachoshikwa kwa mkono. Nataka kwenda kwetu Yala, nikae kando ya kaburi la Aloo, nirudi. Siku mbili. Nina akili zangu. Unaziona kwenye barua hizi. Mtu asiye na akili anaweza kukuandikia hivi?

Kama huwezi, nitaelewa, na tutaendelea na sinema.

Obonyo


Burnt Forest
26 Juni 2025

Mwalimu,

Nimekaa na ombi lako siku tatu. Nilitaka kukataa. Halafu nikasoma barua zako zote tena, moja baada ya nyingine, na sikuona mtu mgonjwa. Niliona mtu mwerevu kuliko wengi wanaoingia dukani kwangu.

Kimo ndani ya gazeti. Jepkemboi hajui, usimwambie. Ukienda Yala nenda asubuhi, vaa sweta, na uache karatasi mezani kumwambia Christabel uko wapi. Niahidi hilo.

Waceke


Langas
14 Julai 2025

Mama Waceke,

Asante kwa maziwa na salamu. Nimekuta kwenye flash mchezo mmoja wa kuchekesha, sijui ni nani aliuweka. Labda ni Marvin. Unaitwa "Mangle & Sons". Lazima uutafute! Ni wa dobi, mzee na wanawe wawili. Kuna kipindi ambapo nguo za askofu zinachanganyika na za bibi harusi, na mzee anapiga magoti madhabahuni kama anayeungama, kumbe anavuta shela. Hasemi neno dakika nne! Waigizaji wa leo hawawezi kunyamaza dakika nne.

Nilicheka nikamwaga chai. Aloo bado yuko sokoni, akirudi nitamwonyesha.

Kama unazo nyingine kama hizo, nitashukuru. Wewe una jicho.

Mwalimu Obonyo Okeyo


Burnt Forest
18 Julai 2025

Christabel mwanangu,

Nimekupigia simu mara mbili nikakata kabla hujashika. Juzi ulipokuja kumchukua Mwalimu, ulinishukuru. Ulinishika mikono yote miwili. Kwa hiyo lazima nikuandikie.

Jumatano saa kumi mvua ilikuwa kubwa, wateja hawapo. Akaingia mama mmoja wa viazi akasema kuna mzee aliyeshushwa na matatu, ameketi kando ya barabara ya Nakuru tangu saa sita, amelowa, anauliza watu duka la sinema liko wapi, lakini akiulizwa duka la nani hawezi kutaja jina. Duka langu liko hatua mia mbili kutoka hapo. Nilikuwa ndani na hita imewashwa, Christabel. Saa nne nzima.

Nilimjua kabla ya kumwuliza. Amevaa tai. Miguu ina viatu, mguu mmoja soksi mbili na mwingine hauna. Midomo imekuwa ya bluu. Nikapiga magoti nikampigia kelele sikioni, "Mwalimu! Ni mimi Waceke!" Akanitazama kwa heshima sana, akasema, "Nimefurahi kukufahamu. Wewe ni mzazi wa nani?"

Tulimbeba, mimi na mama wa viazi. Nilimvua nguo, nikamfunga mablanketi manne, nikampa uji kwa kijiko. Namba yako niliikuta kwenye karatasi mfukoni mwake. Mwandiko ni wako.

Sasa nikwambie nililokuficha mlangoni. Uliniuliza kama najua alikatia nini kufuli, nikasema sijui. Ni mimi niliyempelekea msumeno. Aliniomba, nikaamini kwamba mnamfungia kama kuku. Barua zake zilikuwa nzuri, sikujua kwamba mtu anaweza kuandika hivyo na huku anapotea. Nilijua Jumatatu, barua yake ya mwisho ilipofika. Naiambatanisha pamoja na ile ya mwezi wa tano, uzilinganishe. Jumanne nilimwandikia anirudishie msumeno kwa njia ya upole, asijue kwamba nimejua. Barua ilikuwa hapa kaunta, ikingoja Jepkemboi wa Alhamisi. Jumatano akatoka.

Siombi unisamehe. Nataka tu ujue ni nani.

Waceke


Langas
24 Julai 2025

Mama Waceke,

Umefanya vizuri kuandika. Kwa simu ningekutukana na wewe ni mkubwa wangu.

Baba ana nimonia. Yuko hospitali, atapona, wanasema. Sasa nikueleze kuhusu "sufuria iliungua". Ilikuwa mwezi wa pili. Aliwasha gesi, akaenda kulala. Pazia lilishika moto, jirani akavunja dirisha. Na kule barabara ya Kapsabet alikutwa katikati ya lami na pijama, anaongoza magari kama askari wa trafiki. Daktari alitupa jina la ugonjwa na karatasi, akasema asiachwe peke yake. Hakusema ni nani atakaa naye. Mimi ni wa maabara, nikikosa kazi wiki moja kuna mtu mwingine kwenye kiti changu. Marvin akiacha lori, tunakula nini? Dada yake Benta yuko Mombasa, anatuma pole.

Kwa hiyo nilinunua kufuli. Ni mimi, si Marvin. Nilizima gesi, nikaficha viberiti, nikafunga. Kila siku saa sita nikiwa na darubini mbele yangu nawaza: moto ukianza kwa waya, atatokaje? Nilikuwa najua. Kila siku nilijua, na nilifunga. Wewe ulifanya kosa mara moja. Mimi nilikuwa nalifanya kila asubuhi.

Hata hivyo tafadhali usimwandikie tena. Marvin amesema akirudi atachomelea grili upya na kuweka kufuli mbili. Sina nguvu ya kubishana.

Christabel


Langas
18 Agosti 2025

Mama Waceke,

Nilikwambia usiandike, na hukuandika. Sasa ni mimi ninayekutafuta.

Baba alirudi nyumbani tarehe mbili. Hakutaka kula. Hakutaka televisheni. Alikuwa anakaa akitazama mikono yake. Kila Jumatatu na Alhamisi alikuwa akiamka mapema, ananyoa ndevu, anasimama kwenye grili. Jepkemboi akipitisha maziwa, Baba anatazama ndani ya kikapu chake, halafu anarudi kitandani. Hakumbuki anangoja nini. Lakini anangoja.

Jumamosi iliyopita nilikuwa napanga nguo zake nikakuta barua zako ndani ya kasha la mashati. Nilizisoma zote nikiwa nimekaa sakafuni. Ile ya askari wa langoni niliisoma mara mbili.

Nikachomeka flash. Nikamwita, tukatazama ile ya Mrs Pell. Mimi sijawahi kukaa na baba mkwe wangu zaidi ya dakika kumi bila kumwuliza kama amemeza dawa. Mrs Pell alipofika kizimbani na kuvua glovu, Baba alinigusa mkono akasema, "Tazama sasa. Anaondoa kitu kimoja tu, na huyo ndiye mtoto." Nililia, yeye akanipa kitambaa chake. Aliniita Christabel. Siku hiyo alinijua mpaka jioni.

Marvin alifika Jumapili na fundi wa kuchomelea. Nilisimama mlangoni.

"Toka njiani, Christabel."

"Sitafunga tena. Ukiweka kufuli mbili, utakuwa unazifunga mwenyewe kila asubuhi kutoka Kampala."

"Unataka auawe na gari?"

"Sitaki afe nyuma ya chuma nilichokifunga mimi."

Fundi akasema atangoja dukani. Marvin alikaa kwenye ngazi. Halafu akasema kitu ambacho sikukijua, kwamba hupaki lori mpakani Malaba na kushindwa kula, akifikiri juu ya moto. Miezi sita tumelala kitanda kimoja, kila mtu na moto wake.

Aliyetupa njia ni Jepkemboi. Leo asubuhi alipoleta maziwa alitukuta bado tunabishana; tulikuwa tunamweleza tu kwa nini kuna makelele, akasema, "Mimi saa nne maziwa yameisha. Narudi nyumbani kufanya nini? Mume wangu yuko na ng'ombe. Naweza kukaa na Mzee mpaka urudi." Tumekubaliana siku tano kwa wiki. Marvin ataongeza safari moja kwa mwezi ili tumlipe. Yale masaa matatu ya asubuhi, kabla Jepkemboi hajafika, mwenye plot ametukubalia Baba akae naye pale kwenye kioski chake.

Si kwamba tumepona. Jana aliniuliza mara saba Aloo yuko wapi. Mara ya saba nilisema yuko sokoni, Mungu anisamehe.

Tafadhali mwandikie. Na umtumie tena ile ya dobi, kwenye flash imefutika. Anaiulizia kama ambaye hajawahi kuiona.

Christabel


Burnt Forest
21 Agosti 2025

Mwalimu wangu,

Nimeambiwa kifua kimepona. Nakutumia "Mangle & Sons", vipindi kumi na vitatu. Ni mzee mmoja na wanawe wawili, wana dobi katika mji ambao mvua haiishi. Sitakusimulia zaidi nisikuharibie.

Ukiitazama niandikie. Hata kama uliwahi kuniandikia juu yake, niandikie.

Waceke


Langas
15 Septemba 2025

Mama Waceke,

Christabel ananishikia karatasi isiteleze. Maneno ni yangu.

Nina mwanafunzi. Jepkemboi hajui Kiingereza cha wale watu, na maandishi ya chini yanapita haraka, kwa hiyo mimi nasoma kwa sauti na kumgeuzia kwa Kiswahili. Ni kazi ngumu! Ijumaa Mrs Pell alisema neno moja tu, na nikasimamisha picha nusu saa tukilitafutia Kiswahili chake. Jepkemboi akasema, "Mzee, huyo mama hajasema amechoka. Amesema ameisha." Yuko sahihi. Miaka thelathini na minne ya ualimu sijapata mwanafunzi kama huyo. Anagombana na Mrs Pell. Anamwambia, "Nyamaza, mama, ni mtoto wako!" Kisha mama akisema ukweli, Jepkemboi anajifunika uso kwa leso.

Wananiambia mambo ninayosahau. Christabel ameniambia yote, nikamwomba asifiche, na akaniambia pia kwamba huenda nisikumbuke kuambiwa. Basi naandika hapa likae kwako: mimi Obonyo najua kwamba ninaondoka kidogokidogo. Kuna asubuhi naamka na nyumba hii si yangu na watu hawa siwajui, na kufuli hakuna, lakini sijui pa kutokea. Sijui nani nimwombe msumeno wa hiyo.

Wiki iliyopita grili ilikuwa wazi. Nilifika pale nikasimama. Barabara ilikuwa na watu, na pande zote mbili zilifanana. Nilishika chuma, Mama Waceke, nikakishika kwa nguvu ili nisitoke.

Jepkemboi akaja na leso yake begani, akanipa mkono. Nikamwuliza, "Tunaenda wapi?"

Akasema, "Wewe sema."

Nilifikiri sana, kwa sababu ni muda mrefu tangu mtu aniulize hivyo. Mwisho nikasema twende mpaka kwa fundi wa viatu, pale kona.

Tukaenda.

Wako,
Obonyo